Ngozi Niliyomtupia Paka

Mjukuu wangu Achieng,

Huku Usenge hatujambo. Shangazi yako amehamia Ahero, nami nimebaki peke yangu.

Unauliza kama zamani tulifunika majeraha ya moto kwa ngozi ya samaki ngege, kama mnavyojaribu huko maabarani. Hapana! Mtu akidai tulijua, mbishie. Nilipokuwa msichana niliungua mkono kwa mafuta ya kukaangia, nikalazwa hospitalini. Kila asubuhi muuguzi alibandua bandeji iliyogandia kidonda. "Piga kelele, dada, hata mimi ningepiga," aliniambia. Mchana mama aliniletea ngege, na ngozi, ambayo siipendi, nikamtupia paka wa wodi. Hakuna aliyewaza lolote. Wewe umewaza, basi usiwaogope wanaokucheka.

Bado nakaanga ngege. Ngozi hubaki sahanini, maana wewe ndiye uliyekuwa ukiniomba uile.

Nyanya yako