Kijembe Changu Kimemponza Mgonjwa

Mpendwa Shangazi Milagros, naomba unisaidie kabla sijapasuka,

Mimi ni mwanasaikolojia katika kliniki moja hapa Iloilo, Ufilipino, na mwenzangu wa chumba cha pili, Kuya Rodel, kaka Rodel tunavyomwita, ndiye baba wa ubatizo wa binti yangu, ndiye aliyenitafutia kazi hii, na sasa nashindwa hata kumtazama, maana mjane mmoja ambaye Rodel anamtibu alinishika mkono koridoni akaniuliza, "Daktari, nikikataa kutoka naye kwenda kula, ataacha kunitibu?" nikababaika, nikamjibu, "Usiwaze, dada, tutaona," halafu sikuona chochote, nikasubiri saa ya vitafunio, wote tunakula keki za mchele, bibingka, nikarusha kijembe kama ilivyo kawaida yetu, "Siku hizi wengine wanatibu mpaka mgahawani!" watu wakacheka, Rodel akacheka kuliko wote, "Wivu huo, Noemi! Nikualike na wewe?" kumbe kimemchoma, akaenda kumhoji yule mama amemwambia nani nini, mama akanipigia analia, "Kwa nini umesema?" na wiki hii hakuja kliniki, silali, nikimshtaki Rodel nitaitwa mtovu wa shukrani, na ushahidi sina, labda ni chakula tu, nifanyeje?

Noemi

Noemi,

Pole. Pole nusu, nusu nyingine nampa yule mama. Ulikuwa na neno la kumwambia mtu mmoja, ukaiambia meza nzima, ili ukibanwa useme ulikuwa unatania. Huo ni uoga, mwanangu.

Na acha hiyo "labda ni chakula tu". Mtu aliyekukabidhi siri zake zote hawezi kukukatalia kwa uhuru, hata umwalike uji. Kuchunguza si kazi yako. Kazi yako ni kusema ulichosikia, pale panapostahili.

Ningekutuma kwa Rodel kwanza, muongee faraghani, lakini ameshamtisha mgonjwa. Mlango huo kaufunga mwenyewe. Nenda kwa mkuu wa kliniki, na akikuambia myamalize kindugu, nenda kwenye bodi ya taaluma yenu. Rodel alikupa kazi, basi mshukuru kwa kuifanya.

Ila kabla ya yote, mpigie yule mama. Muombe radhi bila kujitetea. Mwambie ana haki ya kukataa, ya kubadilishiwa mtaalamu, ya kulalamika. Muulize kama jina lake litajwe. Akisema hapana, ni hapana.

Mpigie leo. Alifiwa, akaja kwenu, akathubutu kuuliza swali moja, likamrudia kama kofi. Ukichelewa, hatamwambia tena mtu yeyote kitu chochote.