Mota ya Gurudumuni na Mota ya Pedalini

Ipagala, Dodoma
Jumapili mchana

Kaka Shabani,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na Mama, bado anabishana na daktari kuhusu chumvi? Mimi ni mzima, ila mikono imezidi kuwa myeusi kwa grisi. Usimwambie Mama, atasema ndiyo maana siolewi.

Barua yako imefika. Unasema yule mfanyabiashara wa Tabora kaleta baiskeli mbili za umeme za mitumba, moja mota yake iko ndani ya gurudumu la nyuma, nyingine iko katikati kwenye pedali, na hujui uchukue ipi. Umeuliza wakati wake, kaka. Za aina zote mbili zilikuwa hapa kwangu wiki iliyopita, na moja nusura inilize.

Hapa Ipagala kuna mkunga, Mama Chedego, Mgogo mtu mzima, mcheshi. Wateja wake wengi wako Ihumwa na nyuma ya kilima kule. Magoti yamemchosha. Siku moja alikuja kibandani kwangu ninapotengenezea baiskeli, akakaa kwenye ndoo, akasema, "Tatu mwanangu, kile kilima kimenishinda. Mwezi ujao natulia nyumbani."

"Na wanawake wa kule, mama?"

Alijua na mimi nilijua kwamba hakuna mkunga mwingine.

Siku hizi bidhaa zinaingia za kila namna. Mwenye duka la mitumba jirani yangu alikuwa amepata baiskeli za umeme mbili, kama hizo zenu, akatuazima tuzijaribu. Alhamisi asubuhi tukaondoka kuelekea Ihumwa. Mama Chedego akapanda ya mota ya pedali, mkoba wake wa kazi kaufunga nyuma, maana hauachi popote. Mimi nikapanda ya mota ya gurudumu.

Kaka, barabara ya tambarare ile yangu ni raha tupu! Unazungusha mkono kama pikipiki, inakwenda. Cheni ilichomoka njiani na baiskeli ikaendelea kukimbia, kwa sababu mota inazungusha gurudumu lenyewe, haina haja na cheni. Nilimwacha Mama Chedego nyuma huku nikiimba.

Tulipofika chini ya kilima tukakutana na kijana mwanamume anakimbia, shati limelowa. "Mama! Nilikuwa nakufuata mjini. Mke wangu ana uchungu tangu alfajiri, mtoto hatoki!"

"Nyumba ipi?"

"Ile ya bati jipya, nyuma ya kilima."

Tukapanda. Katikati ya kilima mota yangu ikaanza kuishiwa nguvu. Nikaigusa, ya moto kama sufuria. Ya Mama Chedego nguvu yake inapita kwenye cheni na gia, kwa hiyo akiweka gia nyepesi mota nayo inapata nafuu. Alinipita taratibu, mgongo umenyooka, wala hakugeuka.

Mimi nikashuka kusukuma, na hapo mwiba ukaingia tairi la nyuma. Miiba ya huku unaijua kwa kusikia tu. Pancha ya kawaida naziba haraka, lakini gurudumu lenye mota ni zito, lina waya, lina nati kubwa, na spana yake niliiacha kibandani. Nilikaa mchangani nikaona machozi yanakuja. Sikuwa nalilia baiskeli. Nilikuwa namfikiria yule dada mwenye uchungu.

Nikasukuma mpaka juu, nikashuka upande wa pili. Nilipofika kwenye nyumba ya bati jipya, yule kijana, aliyekatiza kwa miguu, alikuwa ameinama ukutani, kafunika uso. Nikaogopa kumuuliza. Ndipo nikasikia kichanga kinalia ndani, kwa hasira kabisa.

Mama Chedego akatoka anafuta mikono. "Kitovu kilimzunguka shingoni," akasema. "Ningekuja kwa miguu, tungekuwa tunazungumza mengine." Kisha akaketi kizingitini, akaanza kuyasugua magoti.

Usidhani ile ya pedali haina kasoro. Wakati wa kurudi, alibadilisha gia huku mota ikivuta, cheni ikakatika pwaa! Bila cheni mota hiyo haina kazi. Tukasukuma zote mbili mpaka Ihumwa, tukicheka kama wanafunzi waliofukuzwa darasani.

Kwa hiyo, kaka, wewe unapeleka mikate sokoni kwenye njia za tambarare. Chukua ya gurudumuni, haili cheni wala haina mambo mengi. Ila uwe na spana yake kila siku. Mama Chedego kachukua ya pedali. Jumatatu alikuja kibandani na kitenge kikuukuu, akaketi chini, akataka nimfundishe kuunga cheni mwenyewe. Mara ya nne ikakubali. Akazungusha pedali kwa mkono, akaitazama inavyokwenda, akaniambia, "Mwezi ujao nina wajawazito wanne kule."

Msalimie wifi yangu, mwambie mchele ulifika salama. Shangazi wa Urambo mpe pole ya mguu. Mama mbusu mkono kwa niaba yangu, na watoto wako uwapige busu wote, hata yule anayeuma.

Ni mimi mdogo wako, fundi wa Ipagala,
Tatu