Kila Kilichozidi Ufito

Mpendwa Dada Moraa,

Kabla hujaniuliza hali, nakusihi uisome hii ukiwa peke yako, na hata Mama usimsomee. Neno moja likitoka huko likarudi huku Kericho, nimekwisha. Mimi ni mzima. Ninyi je? Kifua cha Mama kimetulia? Hapa mvua haikatiki, na majani ya chai yanachipua kuliko mikono ya kuyachuma.

Unajua tangu shule mimi ni mtu wa kuandika hadithi za kisayansi: vyombo vya angani, sayari za barafu, watu wanaosafiri kurudi jana. Hapa shambani nilikuwa na ugonjwa huo peke yangu. Kisha Chepkirui, karani mwenzangu wa mizani, akaandika moja. Moja tu, Dada!

Wachumaji hulaza ufito mrefu juu ya michai, wakachuma kinachochomoza, ili shamba libaki sawa kama meza. Katika hadithi yake, miaka mingi ijayo, mashine imefundishwa vivyo hivyo, kisha watu wakafukuzwa. Ikimaliza michai, inalaza ufito juu ya ua, juu ya mahindi, juu ya mapaa ya nyumba zetu. Kila kilichozidi ufito, inachuma.

Aliwasomea wachumaji kwenye simu tukingoja lori la majani.

"Mimi nimepona," akasema Mama Chelangat, mchumaji mfupi kuliko wote. "Itanipita juu!"

Walicheka wakashika mbavu, halafu wakageuka kutazama barabara, maana tulikuwa tumeambiwa mashine za kuchuma ziko njiani.

"Na wewe Ombati," Mama Chelangat akaniambia, "ile yako ya nyota ilitupa usingizi mzuri sana."

Dada, ufito huo nimeutazama kila siku tangu niajiriwe, nami nikiandika barafu! Wivu ulinila.

Wiki jana mashine zikafika. Asubuhi zilikutwa zimelazwa fito mgongoni. Meneja akaiona hadithi kwenye simu ya mtu, haina jina la mwandishi, akaniita.

"Mwandishi hapa ni wewe. Ni yako?"

Nikasema sijui ni ya nani. Amenipa hadi Ijumaa nimtaje mwandishi, afukuzwe na nyumba ya kampuni airudishe. Wachumaji wote wanajua ni nani, hakuna aliyemtaja. Jana Chepkirui alinijia, mtoto mgongoni.

"Ombati, ndugu yangu, nikitoka hapa sina pa kwenda."

Nitasema ni yangu. Usiniite mwema. Naogopa, lakini nikifukuzwa, angalau meneja ataamini kuwa kichwa changu ndicho kilichoizaa. Kwa njia nyingine sifa hiyo sitaipata.

Nisalimie Mama, Mjomba fundi wa redio, na shemeji yangu mwenye ng'ombe mkali.

Baada ya Ijumaa usipige simu; hii ni ya ofisi, nitaiacha. Nitakuwa kwa mshona viatu wa kwetu, nyuma ya steji ya Kericho. Ukija, pitia kwanza banda la mizani, uwaulize wachumaji alipo mtu aliyeandika hadithi ya ufito. Wakikuelekeza kwa Chepkirui, usiniambie.

Ni mimi mdogo wako,
Ombati