Yai Juu ya Rafu ya Mkwe

Shoga, uko peke yako? Nimejifungia chooni, mbavu zinauma kwa kicheko.

Mkwe wangu kanunua kipima usawa cha leza, kile kinachopiga mstari mwekundu ukutani. Leo alikuwa anamfungia binti yangu rafu ya vyombo. Kioo cha ukutani kakifunika shuka mwanga usitupige machoni. Hapo namsifu.

Nikamwambia, "Baba, kipime kwanza. Weka alama kwenye ncha ya kushoto ya mstari, halafu kizungushe mpaka ncha ya kulia ifike pale pale. Zikiachana juu na chini, kinakudanganya."

Akacheka! "Mama, leza haikosei."

Haikosei!

Rafu ikafungwa. Nikaweka yai juu. Shoga, yai lilitembea! Taratibu kama bibi harusi, na yeye kainama chini anaokota skrubu. Likampasukia kisogoni. KISOGONI!

Kukipima, ncha zimeachana vidole viwili. Binti yangu kanikumbatia, "Mama, umejuaje?"

Nimejuaje! Jana si nilikikalia kwenye kochi, kikatoa mlio, ka! Na muuzaji alituonya siku tuliyokwenda kukinunua, kikipata kishindo kipimwe upya.

Sasa mkwe anagonga mlango, twende dukani tukamgombeze muuzaji, mimi ndiye shahidi.

Nimemwambia tumbo linanisokota.