Nusu ya Kitabu Iliyobaki Ipililo

Jumamosi, Januari. Bariadi.

Kumekucha na mawingu. Tangu juzi mvua inatishia tu, inanguruma upande wa Maswa halafu inaghairi. Wakulima wananung'unika, na mimi nimenung'unika pamoja nao ingawa hapa mjini sina hata tuta moja. Nina huzuni ambayo nimekosa pa kuiweka, kwa hiyo naiandika.

Leo nilitakiwa niwe nimeshachagua kitabu cha kusomea mtihani. Ukilisikia ni jambo dogo. Ni mtihani wa cheti cha kuandika programu za kompyuta, kwa lugha ya Python, na nitaufanyia Mwanza mwisho wa mwezi ujao. Ada imeshalipwa na hairudishwi. Tarehe nimeshaisogeza mara moja, mara ya pili hawakubali. Nikifeli, au nisipokwenda kabisa, nitaendelea kuchapa barua za watu na kutoa fotokopi kwenye steshenari ya kaka Maduhu mpaka nichakae pamoja na mashine zake.

Vitabu vipo, tusisingizie vitabu. Kaka Maduhu amenipa flashi iliyojaa maswali na majibu yake. Anasema, Minza, kariri haya utapita, mbona wenzako wamepita? Duka moja la Mwanza lina mwongozo mzima, toleo jipya, na wako tayari kuupakia kwenye basi wakati wowote nitakaosema. Na kuna kitabu cha tatu, ambacho ni nusu. Wiki nzima nimevikwepa hivyo viwili kwa ajili ya hiyo nusu.

Ngoja nieleze.

Mimi na Nkwimba tumekulia Ipililo, nyumba zetu zikitenganishwa na shamba la pamba la kwao. Wakati wa palizi tulikuwa tunapewa mstari mmoja watu wawili. Yeye anaanzia upande wa kichuguu, mimi naanzia upande wa njia, tunalima tukikaribiana uso kwa uso mpaka majembe yagongane. Yakigongana, mnakaa chini mnapumzika. Nkwimba alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu, na ulikuwa ukimlaza mara kwa mara. Kwa hiyo majembe yetu hayakugongana katikati hata siku moja. Yaligongana karibu na kichuguu, na alikuwa ananinunia kweli kweli. Alisema nimemwibia mstari wake.

Tulipoamua kufanya mtihani huu tulinunua mwongozo mmoja, maana wa pili tusingeumudu. Mimi niko Bariadi. Yeye ugonjwa ulikuwa umemtoa chuoni Mwanza na kumrudisha kwao. Kitabu kimoja, watu wawili, wilaya mbili. Nkwimba ndiye aliyesema tukigawane kama mstari wa pamba. Mimi nianze na sura ya kwanza, yeye aanze na ya mwisho akirudi nyuma, tukutane katikati, halafu kila mmoja amfundishe mwenzake upande wake.

Mwenye akili timamu hasomi programu kuanzia mwisho, maana kila sura imesimama juu ya mgongo wa ile iliyotangulia. Nilimwambia hivyo. Akajibu kwamba misingi alishaisoma chuo, upande mgumu anautaka yeye, na safari hii nisithubutu kumwibia.

Nikakikata pale kazini kwa mashine ya kukatia karatasi. Roho iliniuma kukipitisha kisu kwenye kitabu kipya. Nikaona basi angalau nifanye kazi ya heshima. Kila nusu nikaitoboa, nikaipitishia waya wa plastiki, nikaiwekea jalada gumu la bluu mbele na nyuma. Nusu ya Nkwimba nikaiandika jina lake kwa herufi kubwa za kupendeza. Asiyejua angedhani ni kitabu kizima.

Nilijisifu sana siku ile.

Kila Jumapili jioni alikuwa anapanda juu ya kichuguu, ndipo mtandao unapopatikana, ananipigia. Ananisimulia amefika wapi, mimi namsimulia nimefika wapi. Aliwahi kujaribu kunieleza namna ya kuidaka hitilafu inapotokea ndani ya programu, ili jambo moja likiharibika mengine yote yasianguke. Sikuelewa kitu. Akacheka, akasema pembeni ya ukurasa ule ameandika kwa penseli, "Minza hapa atalia." Tukikutana katikati nitaelewa tu, akasema.

Mimi nilimaliza upande wangu Novemba. Yeye alibakiza sura mbili. Nikawa namsubiri, na kwa mara ya kwanza maishani sikumsogelea.

Alifariki kabla ya Krismasi. Maumivu yalimshika kama yalivyozoea kumshika, wakampeleka hospitali kama walivyozoea kumpeleka, ila safari hii hayakumwachia.

Msibani nilikaa jikoni na akina mama, nikasonga ugali wa watu mpaka mikono ikafa ganzi. Walipokuwa wanamwandaa ndani sikuingia. Waliniita, nikasema moto utazimika.

Tangu siku hiyo nimekuwa najiambia kwamba nusu yake ipo tu, kwenye sanduku lake la chuo, inanisubiri. Na niseme ukweli, maana hapa ni kwangu: sikuwa naitaka kwa ajili ya mtihani. Yaliyomo mle yamo pia kwenye kitabu cha Mwanza. Nilichokuwa nataka ni ile penseli. Nilitaka nifike mahali alipoandika nitalia, nilie hapo hapo, mahali panapostahili.

Basi asubuhi nimeomba ruhusa kwa kaka Maduhu, nikaenda Ipililo.

Mama Nkwimba nilimkuta shambani peke yake, anapalilia pamba. Nikapiga goti kwenye udongo, nikamwamkia. Akaniitikia, akaniuliza habari za mjini, za kazi, za mama yangu. Mhola duhu, nikajibu, yaani salama tu. Na mimi nikamuuliza za kwake. Mhola duhu. Tukaambiana salama mpaka zikaisha, na hakuna kati yetu aliyekuwa nayo.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu vizuri njiani. Yakagoma. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilijichukulia mwenyewe, na hata maji sijaonjeshwa. Mama alikuwa ameshaanza mstari kutokea upande wa njia, kwa hiyo ulibaki upande mmoja tu.

Nikaenda kuanzia kwenye kichuguu.

Sikuwahi kulima kutokea kule. Nilikuwa sijui kwamba udongo wa kule ni mgumu hivyo. Miaka yote nimemcheka mwenzangu kwa kuchelewa, nikidhani ni ugonjwa tu, kumbe na ardhi yenyewe ilikuwa inambishia. Nililima huku jasho na machozi vikishuka pamoja, na sikujisumbua kuvitenganisha. Majembe yalipogongana mama akakaa chini, na mimi nikakaa. Ndipo nikapata ujasiri.

"Mayu," nikamwita, yaani mama, "Nkwimba alikuwa na kitabu cha bluu."

Mama yule akatabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu msiba.

"Kile tulimwekea," akasema. "Kifuani, pamoja na rozari yake. Hata hospitali alikuwa hakiachi. Nikawaambia, mwanangu asiende mikono mitupu, aende na masomo yake."

Nilitazama chini. Sanduku nililokuwa naliwaza wiki zote hizi halikuwa na kitu, na kile nilichokifuata kilikuwa hatua chache tu kutoka tulipokaa, nyuma ya nyumba, chini ya msalaba wa mbao na udongo ambao haujashuka vizuri.

Akaniona nimeinamisha kichwa, akaingiwa na wasiwasi. Tabasamu likaondoka.

"Au kilikuwa cha watu, mayu?" akauliza, akiniita mama kama wazee wanavyowaita mabinti.

"Hapana. Kilikuwa chake."

Mama Nkwimba hajui kusoma. Alichokiona ni kitabu chenye majalada mawili magumu na jina la mwanawe ambalo watu walimsomea. Angejuaje kwamba ni nusu? Ufundi ule wa kukifanya kionekane kizima ulikuwa wangu. Ningemwambia nini sasa? Kwamba amemzika binti yake na kipande, na kipande kingine kipo kwenye rafu yangu Bariadi kinashika vumbi? Nikang'oa majani ambayo yalikuwa yameshang'olewa.

Akageuka kuangalia upande wa nyumba. Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Alikuwa amekimaliza?"

Sura mbili. Alibakiza sura mbili.

"Alikimaliza, mayu."

Akashusha pumzi, mabega yakalegea. "Ni vizuri," akasema. "Hakupenda kuacha kazi njiani, unamjua. Nilikuwa naogopa asije akawa anahangaika huko." Akasimama, akajifunga kanga vizuri, akashika mstari unaofuata. Tulilima mpaka akaniambia nikale, akanipa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kumpelekea mama yangu, na hatukukitaja kitabu tena. Kabla sijaondoka nilipita nyuma ya nyumba. Sikuomba kitu. Nilisimama tu.

Njiani nimelia nyuma ya bodaboda mpaka kijana wa watu akaniuliza kama vumbi limeniingia machoni, apunguze mwendo. Nikamwambia apunguze.

Sasa nimerudi, nimeoga, uchovu wa palizi umeniingia mpaka kwenye vidole ninavyochapia. Flashi ya kaka Maduhu ipo hapa mezani. Nimeifungua, nimesoma maswali machache na majibu yake, nimeifunga. Pengine ana haki, pengine ningepita. Lakini Nkwimba alikuwa anaita kukariri majibu kuvuna pamba ya jirani. Unajaza gunia, ila msimu ukija hujui hata mbegu inafukiwa vipi. Jumatatu nitamrudishia kwa heshima, na nitamshukuru, maana nia yake ilikuwa njema.

Kitabu cha Mwanza nimeshakiagiza. Wakikipakia kesho, Jumatatu nitakwenda kukipokea stendi. Sitakikata. Sitakiwekea jalada la bluu, na sitaandika jina la mtu yeyote juu yake.

Nimejiuliza jioni nzima kama nimetenda dhambi. Kumdanganya mama aliyefiwa, tena kaburi likiwa linaonekana pale pale. Nikisema nilimwonea huruma, nitakuwa nimesema nusu tu. Na mimi nilitaka iwe kweli. Nilitaka kuwe na mahali fulani, hata kama ni kwenye mdomo wangu tu, ambapo Nkwimba amefika mwisho wa mstari wake bila mtu kumwibia.

Basi nitasoma kwa njia yake ya kipumbavu. Nitaanza na sura ya mwisho, nirudi nyuma, kutokea upande wa kichuguu ambako udongo ni mgumu. Ile ya kudaka hitilafu nitakwama, najijua, na hakutakuwa na penseli ya kunionya. Nikitoka hapo nitaendelea mpaka nizifikie zile mbili za katikati, na hizo nitazisoma polepole kuliko zote. Mtihani nitakwenda. Naweza kufeli, sijui. Toleo lenyewe ni jipya, huenda wamezihamisha sura na nitalazimika kuzitafuta moja moja.

Nitazitafuta. Nimeshamwambia mama yake kwamba alimaliza.