Noti ya Juu

Alhamisi, jioni

Wiki nzima nimemchukia Kasimu. Yeye ndiye mwongozaji wa igizo letu la nyimbo, na ndiye aliyeamua jukwaani tuchezeshe midomo tu, spika zitoe nyimbo tulizorekodi miaka mitatu iliyopita. Mimi! Mimi niliyefundishwa miaka tisa na Mwalimu Chidawali kuimba bila maiki hadi mtu wa kiti cha mwisho anisikie.

Leo mazoezini umeme ukakatika katikati ya wimbo wangu. Spika kimya. Nikasema moyoni, haya, sasa watanijua. Nikaendelea mwenyewe.

Nilipofika kwenye ile noti ya juu, sauti ikakwama. Ikatoka hewa tupu. Nikajaribu tena. Hewa.

Kasimu akasema taratibu, "Pumzika, dada Yunisi. Umechoka na kazi."

Afadhali angenifokea.

Nimechoka, ndiyo. Kutwa niko masjala ya wizara kule Mtumba na mafaili yangu, na mazoezi ya sauti nayafanya Jumapili, nikikumbuka. Mwalimu alinionya kabla hajafariki: sauti ya namna hii ukiiacha, nayo inakuacha. Nikamjibu nitafanya nikipata nafasi. Nafasi yenyewe…

Umeme ukarudi. Spika zikaimba ile noti, safi kabisa, kwa sauti yangu mwenyewe. Wenzangu wakapiga makofi. Nikapanua mdomo kuifuata.

Na nilishukuru. Hilo sitamwambia mtu. Nilishukuru kwamba hakuna atakayenitaka niimbe.