Corsin aliniuliza

Flurina, Corsin amekufa. Leo asubuhi, Lauterbrunnen. Usinipigie, siwezi kuongea. Niache niandike tu.

Tulikuwa wawili juu ya jabali, tumeshavaa suti za mabawa, tayari kuruka. Upepo ukageuka. Niliuona kwenye moshi wa nyumba za bondeni, ukaanza kulalia upande wa jabali. Nikaanza kuvua suti yangu.

Akacheka, unamjua. "Vipi Mirjam, magoti yamelegea?"
Nikamwambia, "Mimi leo siruki."
Akasogea ukingoni. "Na mimi je, unaonaje?"

Aliniuliza, Flurina. Aliniuliza kabisa.

Nikamjibu vile tunavyojibizana siku zote: "Kila mtu aamue mwenyewe." Wala sikumtazama, nilikuwa nahangaika na zipu.

Akaruka. Sekunde chache alikwenda vizuri sana. Halafu upepo ukamsukumia kwenye mwamba. Parachuti hata halikufunguka.

Helikopta ikaja. Polisi wakaniuliza maswali, nikajibu yote. Nikashuka kwa treni na begi langu, nikala mkate na jibini. Nilikuwa na njaa, unaamini? Hata sasa sijatoa chozi.

Mama yake amenipigia sasa hivi kutoka Chur. Hakulia. Kaniuliza, "Ulimwambia upepo ni mbaya?"
Nikasema, "Ndiyo, mama."
Akasema, "Asante, mwanangu. Najua alikuwa hasikii la mtu."

Alikuwa anasikia, Flurina. Alisimama pale ukingoni akingoja nimjibu.